Sungura Aliyemeza Mbegu, na Vitabu Vingine vya Picha Nilivyobeba

Ninyi walimu wa nasari mlioanza kazi juzi, kila mkinikuta sokoni Kiminini mnaniuliza swali lile lile: "Mwalimu Truphosa, tuwanunulie watoto kitabu gani cha picha?" Mnataka niwatajie jina la kitabu. Sina jina. Nilicho nacho ni macho, na macho hayo nilifundishwa na mwanamke ambaye hata ukimwandikia jina lake ubaoni hawezi kulisoma. Basi ketini niwaeleze. Nimestaafu, nina wakati, na mahindi yangu hayataki kusomewa chochote.

Miaka ya elfu mbili na kidogo, kanisa moja la Kitale liliniajiri kuzungusha vitabu vya picha kwenye nasari. Nilipewa sanduku la bati, la aina ile wanafunzi wa bweni hubeba, na ndani yake vitabu kama arobaini. Jumatatu nilikuwa Kiminini, Jumatano Kamukuywa, Ijumaa Kabuchai. Nikifika nilikaa kwenye kigoda, watoto wakanizunguka, nikawasomea vitabu viwili au vitatu. Halafu nilimwachia mwalimu vingine vya wiki nzima na kuchukua vile vya wiki iliyopita. Vitabu vikianza kuchakaa, kazi ya kununua vipya ilikuwa yangu pia. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea sana.

Kitabu cha kwanza nilichonunua nilikipenda kwa sababu kiling'aa. Kilikuwa na maneno mengi mazuri, na mimi mwenyewe nilikisoma nyumbani nikafurahi. Nilipofika Kiminini nikawasomea watoto. Ukurasa wa kwanza walinitazama. Ukurasa wa pili walitazama mlango. Ukurasa wa nne mtoto mmoja alikuwa amelala juu ya kiatu changu, na mimi bado naendelea, sauti juu, kama mhubiri ambaye waumini wake wameshatoka.

Kingine kilikuwa cha bundi. Bundi amevaa miwani, anafundisha ndege wengine kuhesabu. Nilikifungua Kamukuywa. Watoto wawili walikimbilia kwa mama aliyekuwa akipika uji wa shule, naye akaja na mwiko mkononi.

"Mwalimu, huyo ndege wa kifo umemleta hapa kufanya nini?"

"Ni picha tu, Mama," nikamwambia. "Picha haimdhuru mtu."

"Ukienda, enda naye," akasema, akarudi kwa sufuria yake.

Niliona ni mambo ya zamani. Mimi ni mwalimu, nina cheti. Nilikifunga kitabu, lakini moyoni nilibaki na neno langu kwamba picha haimdhuru mtu. Mtaona nilivyokuja kulilipia neno hilo.

Huyo mwanamke aliyenifundisha aliitwa Mama Zuhura. Alikuwa Mwislamu wa mjini Kitale, mjane, anauza nguo za mitumba kwenye kichochoro nyuma ya msikiti. Ndani ya marobota ya nguo za watoto mara nyingine alikuta vitabu, na watu wa mjini walipojua hivyo wakaanza kumletea vile watoto wao walivyomaliza. Alivipanga juu ya gunia kando ya soksi. Alipokuwa mdogo alipelekwa chuoni, akajifunza Kurani kwa herufi za Kiarabu, lakini shuleni hakupelekwa. Herufi zetu hizi kwake zilikuwa kama nyayo za kuku.

Siku ya kwanza niliinama pale gunia lilipokuwa nikachukua kitabu kikubwa, kipya kabisa, chenye picha ya msichana kwenye jalada. Akakitoa mkononi mwangu kwa upole.

"Hiki unamnunulia nani, mwanangu?"

"Watoto wa miaka minne."

"Hebu nisomee."

Nikaanza. Akaweka kiganja chake juu ya maneno, chote, akayafunika.

"Sasa nisomee."

Nikatazama picha. Msichana amesimama, anacheka. Akafungua ukurasa mwingine. Msichana amesimama upande huu, anacheka. Mwingine, vilevile.

"Umeona?" akasema. "Huyu kazi yake ni kusimama. Mtoto wako hajui herufi, na mimi sijui. Haya, sisi wawili tutasoma nini hapa?"

Akachimba chini ya gunia akatoa kitabu kisicho na jalada, mgongo wake ameushona mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Kilikuwa cha kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Anaingia jikoni, anafukuzwa. Anapanda kitandani, anafukuzwa. Anajaribu beseni, lina maji. Mama Zuhura alifunika maneno mpaka mwisho, na mimi nilijua hadithi yote, na nikajikuta nacheka peke yangu kichochoroni kuku alipotaga ndani ya kofia ya babu. Kitabu hicho kilidumu sandukuni kuliko vyote. Tulikishona mara tano.

Tangu siku hiyo sikununua kitabu kabla ya kukipitisha kwake. Nilijifunza kufunika maneno kwa kiganja. Nilijifunza kusimamisha kitabu juu ya gunia, kurudi nyuma hatua tano, na kutazama kama bado naona nani anafanya nini, kwa sababu mtoto anayekaa nyuma darasani ndivyo atakavyokiona. Alinifundisha kukishika kitabu kwa ubavu, si kwa chini, ili kidole changu kisizibe uso wa mnyama. Na alinipa dawa moja ya haraka: kisome mara tatu papo hapo. Kikikuchosha mara ya tatu, kirudishe, kwa maana watoto watakudai ukisome mara thelathini.

Na kitabu cha sungura kilipita mitihani yote hiyo.

Nakumbuka tulivyokifurahia, mimi na yeye. Sungura mdogo anakuta jiwe kubwa limeziba njia ya kwao. Anasukuma, halitoki. Anaketi kando ya mto, analia. Hapo anaona mmea wenye mbegu nzuri, kahawia na madoadoa. Anafungua kinywa, mbegu tatu zinaingia moja nyuma ya nyingine, anakunywa maji ya mto, na ukurasa unaofuata tumbo lake lina vinundu vitatu na mikono yake ina misuli kama ya mpakiaji magunia. Jiwe linabingirika. Ukiyafunika maneno, hukosi kitu. Ukirudi hatua kumi, bado unaona. Mama Zuhura alisema, "Hiki hata kipofu atakisoma."

Nilikisoma Kabuchai siku ya Ijumaa. Watoto walinidai mara ya pili, na mara ya tatu. Walisukuma ukuta wa darasa wote pamoja, wakipiga kelele. Nikarudi nyumbani Kiminini nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napukuchua mahindi simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Nafula, aliyefundisha nasari ile ya Kabuchai. Alizungumza polepole sana, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mwalimu Tru, unamjua Naliaka? Yule mdogo anayekaa karibu na mlango?"

"Namjua."

"Nyanya yake amemkuta na mbegu za mbarika mfukoni mwa rinda. Anasema amekula. Anasema ni za sungura. Tuko njiani kwenda hospitali, Bungoma."

Mbarika mnaijua. Inaota yenyewe kwenye ua, kwenye jalala, nyuma ya choo, majani mapana kama mkono. Mbegu zake ni kahawia, zina madoadoa, zinang'aa kama shanga. Ua wa nasari ya Kabuchai ulikuwa nayo upande mzima. Nilipita hapo kila Ijumaa na sanduku langu, na sikuwahi kuitazama. Mtoto wa miaka minne aliitazama mara moja akajua ni ile ya kitabuni.

Nilipokuwa msichana, mbuzi wa jirani yetu alikula mbegu hizo zilizokuwa zimetwangwa. Niliona alivyokufa. Niliacha mahindi chini, nikabeba kile kitabu, na gari la kwanza lililosimama ndilo nililopanda. Sijui hata sasa kwa nini nilikibeba. Nadhani nilitaka kuwaonyesha kosa langu lilivyo, wasije wakasema nimelificha.

Niliwakuta wodi ya watoto. Naliaka ameketi kitandani, miguu inaning'inia, anatazama magoti yake. Kando yake alikuwa nyanya yake aliyemlea, mwanamke mrefu aliyefunga leso kichwani, ambaye Kabuchai nzima ilimwita Kukhu, jinsi Wabukusu tunavyomwita bibi. Mwalimu Nafula amesimama dirishani. Daktari alikuwa kijana mpole, amechuchumaa mbele ya mtoto.

"Shida yangu ni moja tu," daktari akaniambia, Nafula aliponitambulisha. "Nataka kujua kama alitafuna au alimeza nzima. Akitafuna, sumu inatoka. Akimeza nzima, ganda ni gumu, inaweza kupita bila kumdhuru. Na nataka kujua ni ngapi."

"Nimemuuriza tangu asubuhi," Kukhu akasema. "Hasemi. Nimemutikisa, hasemi. Mwarimu, huyu mutoto amefunga mudomo kama mufuko."

Daktari akauliza tena, kwa Kiswahili. Nafula akauliza kwa Kibukusu. Naliaka akazidi kuinamisha kichwa. Niliyajua macho yale. Mtoto aliyeshasikia "umefanya nini?" mara ishirini hawezi tena kusikia kitu kingine ndani ya swali lolote. Kwake yote ni fimbo.

Nikaketi kitandani. Sikumuuliza kuhusu yeye. Nikafungua kitabu kwenye mapaja yangu, ukurasa wa mtoni, nikafunika maneno kwa kiganja kwa mazoea tu.

"Nimesahau hii," nikamwambia kwa Kibukusu. "Sungura alifanyaje hapa?"

Kidole kidogo kikaja, kikasimama kwenye kinywa cha sungura, kikateremka shingoni polepole mpaka tumboni.

"Zilienda," akasema.

"Alitafuna?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Hakutafuna. Alikunywa na maji."

Daktari hakusogea. Nilimsikia tu akipumua.

"Na wewe?"

"Na mimi nilikunywa na maji. Na kikombe cha Kukhu."

"Hazikuwa chungu?"

"Sikuonja."

"Zilikuwa ngapi?"

Akafungua ukurasa mwenyewe. Akagusa vinundu vya tumbo la sungura. Kimoja. Kimoja. Kimoja.

Daktari akainuka, akajifuta uso na mkono wa koti lake. "Tatu, nzima, na maji," akasema, kama mtu anayejisomea. "Tutamlaza. Tutamwangalia usiku na mchana. Tukizipata zote tatu, na hazijapasuka, na yeye bado anacheza, hapo tutapumzika."

"Kuzipata wapi?" Kukhu akauliza.

Daktari akatazama sakafu. "Kwenye kopo, Mama, akienda haja."

Kukhu akafikiri. "Hiyo kazi ni yangu," akasema. "Nimerea watoto tisa. Si kitu."

Nililala kwa binamu yangu mjini Bungoma, lakini kulala ni neno tu. Kila nilipofumba macho nilimwona sungura anafungua kinywa. Nilikuwa nimemwambia mpishi wa Kamukuywa kwamba picha haimdhuru mtu. Nilimwambia kwa kiburi, kwa sababu yeye alishika mwiko na mimi nilishika kitabu. Sasa nilijua kuwa picha ikiwa nzuri, mtoto huingia ndani yake na kutoka na kitu mkononi. Nilikuwa nimetafuta vitabu vyenye nguvu hiyo kwa miaka, na nilipokipata nikasahau kuuliza kitampeleka mtoto wapi.

Jumapili asubuhi nilirudi wodini. Nilikaa kwenye benchi la nje na Nafula. Kukhu akatokea mlangoni, amesimama wima kama askari, akainua kidole kimoja.

"Nzima?" Nafula akauliza.

"Nzima. Inang'aa."

Adhuhuri akatokea tena. Vidole viwili. Wanawake wengine waliokuwa na watoto wodini walishajua habari yetu, na mmoja alipiga makofi.

Ya tatu haikuja. Jioni haikuja. Jumatatu asubuhi haikuja. Naliaka alisema tumbo linamuuma kidogo, na daktari akaja mara mbili kulibonyeza. Nilinunua chai nikaisahau kwenye benchi la nje. Nikaipa mikono yangu kazi: nikaanza kuwasimulia watoto wa wodi ile habari ya kuku na kofia ya babu, bila kitabu, nikifanya mikono yangu kuwa mabawa. Nilikuwa nimefika kwenye beseni nikaona watoto hawanitazami tena. Wanatazama nyuma yangu.

Kukhu alikuwa amesimama pale na vidole vitatu juu. Safari hii hakusimama kama askari. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na vidole na wa pili ulikuwa na kopo.

Daktari alilichungulia kopo lile kwa makini kuliko nilivyowahi kuona mtu akichungulia kitu. Kisha akacheka, kicheko cha kijana kabisa. "Zote tatu, nzima. Kesho mnaenda nyumbani."

Nilitoka nje nikaikuta ile chai kwenye benchi, nikainywa ikiwa baridi.

Kabla ya kurudi Kabuchai nilipitia kwa Mama Zuhura. Nilimsimulia yote. Alikuwa anakunja suruali ya mtoto, akaacha kuikunja.

"Mimi ndiye niliyekuuzia," akasema.

"Mimi ndiye niliyekisoma mara tatu."

Akaiweka suruali juu ya gunia. "Tulikitazama mpaka ukurasa wa mwisho," akasema. "Hatukutazama ukurasa unaokuja baada ya huo."

"Baada ya huo hakuna ukurasa, Mama."

"Upo. Ni ule mtoto anaoufanya mwenyewe akishafunga kitabu. Tuongeze mtihani huo."

Tukauongeza. Siku ile ile tulipitia vitabu vyote vya gunia na vyote vya sanduku, na kila kimoja tulijiuliza: mtoto akitoka hapa, ataenda kufanya nini? Ataimba? Atamsalimia babu? Atapanda juu ya paa? Viwili tuliviondoa. Vingine tulivibakiza, ila tuliweka karatasi ndogo ndani kumwambia mwalimu jambo la kusema kabla hajafunga. Cha sungura sikukichoma. Nilikitumia miaka yote iliyobaki kuwafundisha walimu wenzangu, na hakikusomwa tena kwa mtoto mdogo.

Ijumaa wazazi wa Kabuchai waliitwa shuleni. Nilisimama mbele yao nikaeleza lilivyotokea bila kujitetea. Baba mmoja akasema afadhali vitabu hivyo visirudi tena, watoto wasome a, e, i, o, u ubaoni, inatosha. Wengine wakaitikia. Sikubishana naye. Ningekuwa mimi ni mzazi, labda ningesema hivyo.

Kukhu akasimama.

"Hiyo mbarika imeota kwa huu ua tangu mimi nikiwa musichana," akasema. "Mulipita, nikapita. Sungura ndiye ameipanda?"

Akamgeukia yule baba.

"Na huyu mutoto arikataa kusema na mimi, akakataa kusema na daktari. Arisema na kitabu." Akafunga leso kiunoni. "Nani ana jembe?"

Majembe yakapatikana. Mapanga yakapatikana. Yule baba aliyenena alikuwa wa kwanza kushika shina. Waling'oa ua upande mzima, wakakusanya mbegu kwa ufagio mpaka za mwisho, wakachimba shimo mbali na pale wakazifukia. Ilichukua asubuhi karibu yote. Walipomaliza, Kukhu akanawa mikono, akaingia darasani, akaketi chini nyuma ya watoto, miguu ameinyoosha.

"Haya, Mwarimu," akasema. "Soma."

Nilichagua kitabu cha mama na mtoto wakienda sokoni. Nilifungua ukurasa wa kwanza, ndizi kwenye kikapu, na kabla sijasema neno Naliaka alikuwa amesimama.

"Mwalimu, hii inaliwa?"

Nikamtazama Kukhu. Kukhu akatazama dari.

"Inaliwa," nikasema. "Ukiimenya."

"Na hiki?"

"Hicho ni kiatu. Hakiliwi."

"Na hii?" akauliza mwingine kutoka nyuma.

"Sabuni. Hailiwi."

Basi likawa jambo. Kila nilichofungua walikidai: kofia, samaki, jiwe, embe, ndoo, mkia wa punda. Inaliwa! Hailiwi! Wazazi waliokuwa dirishani na udongo mikononi wakaanza kujibu pamoja nao, na wakabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu maua ya malenge. Kengele ya uji ililia tukiwa ukurasa wa tano. Kitabu kile hatukukimaliza siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.